Mama alicheka tamthilia nzima, kwenye filamu akanyamaza. Nimwonyeshe na ile ya 2016?

MkalimaniWaSebuleni

Habari za jioni wakuu. Nina jambo linaninyima raha tangu wiki iliyopita, na najua humu wapo wanaozifahamu kazi hizi kuliko mimi.

Mama yangu hasikii Kiingereza. Tangu mwaka uanze tumekuwa tukitazama pamoja Dad's Army, ile tamthilia ya vichekesho ya BBC iliyorushwa kuanzia 1968 hadi 1977. Kwa asiyeijua: ni mwaka 1940, Wajerumani wako ng'ambo ya maji, na wanaume ambao jeshi halikuwachukua, wengi wao wazee, wanajiandikisha mgambo walinde mji wao mdogo wa pwani, Walmington-on-Sea, mji wa kubuni. Kapteni Mainwaring ni meneja wa benki. Sajini Wilson ni karani wake palepale benki. Koplo Jones ana bucha. Frazer kazi yake ni kuzika watu. Walker ni mlanguzi. Godfrey ni mzee mpole ambaye kibofu hakimpi nafasi, na Pike ni kijana ambaye mama yake humfunga skafu shingoni hata anapokwenda kulinda nchi.

Manukuu ya Kiswahili hayapo, kwa hiyo manukuu ni mimi. Nakaa kushoto kwa mama kwa sababu sikio la kulia limechoka, namnong'oneza. Kazi hii naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Misemo ya wale watu tumeihangaikia pamoja. Frazer alikuwa rahisi: anatoa macho, anasema "Tumekwisha!", na Kiswahili kinampokea kama alizaliwa nacho. Godfrey naye hana shida, "Naomba ruhusa nitoke kidogo," kila mtu anajua anakwenda wapi. Jones ndiye anayekimbia huku na huku akiwataka wenzake wasihangaike wakati anayehangaika ni yeye peke yake. Nilianza na "Msitaharuki!" mama akakataa, akasema hilo ni neno la taarifa ya habari. Sasa ni "Tulieni! Tulieni!" na mama huisema kabla yangu.

Aliyetusumbua ni Mainwaring anapomwambia Pike kwamba ni kijana mjinga. Kila nilipotafsiri neno kwa neno lilitoka kama tusi. Kapteni hamtukani yule kijana, amechoka naye tu, kama mtu aliyekwisha kumsamehe kabla hajakosa. Siku moja mama akasema taratibu, macho yakiwa kwenye skrini: "Jamani, mtoto huyu!" Ikawa ndiyo hiyo mpaka leo.

Basi, tulipomaliza nikamletea filamu ya 1971. Waigizaji karibu wote ni walewale: Arthur Lowe, John Le Mesurier, Clive Dunn, John Laurie, James Beck, Arnold Ridley, Ian Lavender. Walioiandika ni walewale, Jimmy Perry na David Croft. Rangi nzuri, mandhari ya nje mapana. Nilikuwa na hakika itakuwa sikukuu.

Mama alicheka mara moja. Ni pale Mainwaring anapokwenda na maji juu ya farasi mweupe, farasi kasimama kwenye kipande cha daraja kinachoelea mtoni, na kapteni amekaza mgongo kana kwamba alipanga safari hiyo. Hapo mama alicheka hadi akashika ubavu, nami sikuwa nimesema neno. Kwingine kote alikuwa kimya. Filamu inatuonyesha maofisa wa Kijerumani ng'ambo ya bahari wakiitazama Uingereza, na baadaye wanajeshi wao wa anga wanashuka na kuwashika watu mateka katika ukumbi wa kanisa. Mama akaniuliza: "Hawa wamekuja kufanya nini humu?" Nikamwambia ndio adui wenyewe, ndio waliokuwa wakiogopwa siku zote. Akasema: "Walipokuwa hawaonekani nilikuwa nawaogopa pamoja na wazee hawa."

Limeshatupata jambo kama hili. Mr. Bean wa televisheni mama humtazama bila mkalimani, ananifukuza kabisa niende nikalale. Filamu ya 1997 ilimpeleka Bean Los Angeles na kumzungushia watu wanaozungumza sana, na yeye mwenyewe akasimama kutoa hotuba. Mama akanigeukia kila dakika: "Anasema nini? Na huyu je?" Ile ya 2007, safari ya kwenda Cannes, ikamrudishia mtu wake. Bean yuko mgahawani Paris, kaletewa chaza wabichi, hawawezi, anawamwagia ndani ya mkoba wa mwanamke aliyekaa meza ya jirani, kisha simu inalia ndani ya mkoba uleule. Mama bado huisimulia.

Maswali yangu mawili. Kwanza, kilichotokea kwenye filamu ya 1971 ni kosa la filamu au la tafsiri yangu? Pili, ipo filamu nyingine ya 2016 yenye waigizaji wapya, Toby Jones akiwa Mainwaring. Humo yumo mke wa Mainwaring, anaonekana wazi. Kwenye tamthilia hakuonekana hata siku moja. Mama amekuwa akiniuliza tangu mwezi wa kwanza: "Na huyu mkewe tutamwona lini?" Nimwonyeshe?

Kipanga_77

Mkuu, mama amezoea, basi. Mtu akikaa miezi na watu walewale kwenye chumba kilekile, ukimhamisha lazima anune. Sio kosa la mtu. Filamu ya 1971 ina dakika tisini na kitu, sehemu moja ya tamthilia nusu saa. Ulitegemea wakae ukumbini wakigombana kwa dakika tisini? Lazima ndege ianguke, lazima mateka washikwe.

Halafu hoja ya Wajerumani kutoonekana siikubali. Mbona ile sehemu ya nahodha wa nyambizi, ya 1973, ndiyo inayopendwa kuliko zote, na humo Wajerumani wamejaa ukumbi mzima?

Ya 2016 mwonyeshe. Bill Nighy kama Sajini Wilson anatosha kulipa muda wako.

FundiMkasi

Salaam. Mimi nahariri video, ndiyo riziki yangu, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa mkasi.

Mleta mada, tafuta sehemu yoyote ya tamthilia na uhesabu sekunde baada ya kila neno la kuchekesha. Ile kazi ilirekodiwa studio mbele ya watazamaji waliokaa vitini, na hata vipande vilivyopigwa nje, kule Thetford, walionyeshwa ili kicheko chao kirekodiwe. Maana yake ni kwamba mwigizaji alikuwa anasikia. Lowe anatupa neno, watu wanacheka, na yeye hasemi linalofuata. Anangoja. Anarekebisha miwani, anamwangalia Wilson, uso unajaa pole pole. Kicheko kikianza kushuka ndipo anaendelea. Watu wanadhani uhodari wake uko kwenye maneno, mimi nasema nusu yake iko kwenye kungoja kule.

Filamu haina watazamaji studio. Mwigizaji anasema neno lake mbele ya kamera na mafundi walioamriwa wanyamaze, kisha mhariri anakaa mezani akibahatisha watu watacheka kwa muda gani kwenye ukumbi wa sinema. Akiacha nafasi ndogo, kicheko cha ukumbi kinafunika sentensi inayofuata. Akiacha kubwa na watu wasicheke, panabaki shimo. Sasa chukua filamu iliyokatwa kwa ajili ya ukumbi wa watu mia tatu, uiweke sebuleni kwa watu wawili. Mashimo yote yanaonekana, na mahali ambapo mlikuwa mkipewa nafasi ya kupumua hampewi.

Na wewe una jambo la ziada ambalo sisi wengine hatuna. Unatafsiri. Ulikuwa unatafsiri lini?

Angalia hilo. Nadhani utajikuta ulikuwa unatafsiri ndani ya zile sekunde za kicheko. Watazamaji wa studio ya BBC walikuwa wanakununulia muda. Filamu imekunyang'anya muda huo, kwa hiyo mama anapata neno wakati uso uliolisema umeshaondoka kwenye skrini.

Tamthilia hiyohiyo iliwekwa redioni kati ya 1974 na 1976, hakuna kinachoonekana kabisa, lakini watazamaji wa studio walibaki, na kicheko kilibaki. Haikupoteza kitu.

Dawa: alika watu. Sio wawili, waite sita au saba, muirudie ile ya 1971.

MkalimaniWaSebuleni

FundiMkasi, nimesoma jibu lako nikasimama. Nikaenda kujaribu palepale.

Nimerudia ile ya nahodha wa nyambizi aliyoitaja Kipanga. Naieleza kwa wasioiona, maana nataka mwone kilichotokea. Mgambo wamewekewa mahabusu wa Kijerumani, mabaharia waliotoka kwenye nyambizi, wawalinde usiku mmoja ukumbini. Nahodha wao ana kidaftari. Kila anayemdharau anamwandika jina, kwamba vita vikiisha atalipa. Pike anaimba wimbo wa kumkejeli Hitler. Nahodha anageuka, anamwambia na jina lake litaingia kwenye orodha, je, anaitwa nani? Mainwaring anaruka mbele kumkinga kijana: "Usimwambie, Pike!"

Siku tulipoitazama, mama alicheka kabla sijafungua mdomo. Jina la Pike alilijua, sura ya kapteni aliiona, na alikwishaelewa nahodha anatafuta nini. Mimi nikatafsiri baadaye, na nikagundua Kiswahili kinakaa sawasawa kwenye sentensi hiyo, jina linabaki mwisho palepale linapotakiwa kubaki. Sasa nimehesabu. Kicheko cha studio baada ya neno lile ni kirefu mno. Nilikuwa na muda wa kutafsiri, mama akaniuliza "kasema Pike?", nikamjibu ndiyo, tukacheka tena, na sentensi inayofuata haijaanza. Miezi yote hiyo nilidhani mimi ni mwepesi wa ulimi. Ni wao waliokuwa wakinisubiri.

Nikaiweka filamu. Dakika kumi za mwanzo, pale wanapojiandikisha, niko nyuma kwa sentensi nzima muda wote. Mama alikuwa anasikia maneno ya Wilson huku anamtazama Jones.

Kipanga, kuhusu hoja yako ya nahodha, nimeifikiria sana kwa sababu ni hoja nzuri. Nadhani tofauti ni kwamba yule nahodha ameingia chumbani mwao. Yeye na watu wake wanaletewa chakula, samaki na chipsi, na yeye anaanza kuchagua: anataka samaki wa aina hii, chipsi zisiwe zimelainika kwa mafuta. Na Mainwaring, badala ya kukasirika kama askari, anakasirika kama mwenye nyumba aliyeletewa mgeni mlafi. Adui amekuwa mmoja wa watu wa kugombana nao. Wale wa kwenye filamu, wakiwa kwao na darubini zao, hawagombani na mtu yeyote tunayemjua.

Na si kweli kwamba mama amezoea tu. Hana kumbukumbu yoyote ya utotoni na kazi hii, ameiona kwa mara ya kwanza mwaka huu. Wale wazee amewapenda kwa macho yake.

Jumamosi tunakuja watu saba. Nitaleta majibu.

Kipanga_77

Hoja ya chipsi nimeipokea. Lakini bado nasema ya 1971 ina kitu ambacho tamthilia haikupata nafasi ya kukionyesha. Pale mwishoni, wakati Mainwaring na watu wake wanaingia ukumbini wamevaa mavazi ya kwaya, na yeye anamkabili ofisa wa Kijerumani uso kwa uso. Miaka yote ile tulikuwa tunajiuliza: siku ikifika kweli, huyu meneja wa benki atakimbia? Filamu imejibu. Hakukimbia. Mimi hapo hunishika koo.

SladeMlangoWaNyuma

Naomba niongeze filamu moja, kwa sababu naona mnazungumza kana kwamba zote zilianguka. Miaka ya 1970 Uingereza ilikuwa inageuza karibu kila tamthilia ya vichekesho kuwa filamu. On the Buses ya 1971 ilijaza kumbi kwelikweli. Tatizo lilikuwa ujanja mmoja uliorudiwa: wapeleke likizo. Are You Being Served?, iliyokuwa ikifanyika ndani ya duka kubwa, 1977 wakapandishwa ndege wafanyakazi wote wakaenda ufukweni. Kile kilichowachekesha watu, mpangilio wa nani bosi na nani mdogo na nani anasimama kaunta ipi, kikabaki dukani.

Sasa tazameni Porridge ya 1979. Tamthilia ni ya gerezani, 1974 hadi 1977, Ronnie Barker akiwa Fletcher, mfungwa mkongwe, na Richard Beckinsale akiwa Godber, kijana anayekaa naye selo moja. Waandishi, Dick Clement na Ian La Frenais, walikuwa na shida ileile: filamu inataka kutoka nje, na watu wao wamefungwa. Wakafanya hivi. Mfungwa mmoja anapanga kutoroka siku ya mechi ya mpira, Fletcher na Godber wanajikuta wametolewa nje pamoja naye bila kutaka. Godber amebakiza muda mfupi tu atoke kihalali. Wakikamatwa nje, kifungo kinaongezeka. Kwa hiyo filamu inakuwa ya watu wawili wanaohangaika usiku kuvunja na kuingia gerezani.

Mnaona? Kamera imepata barabara na mashamba iliyoyataka, lakini kila hatua wanayopiga inarudi kwenye selo. Hawajaachwa huru hata dakika moja. Na gereza lenyewe ni gereza kweli, la Chelmsford, lilikuwa tupu baada ya kuungua moto.

Beckinsale alifariki Machi 1979, filamu ikatoka baadaye mwaka huohuo. Ana miaka 31. Ninapoiangalia ile safari ya kurudi, Fletcher akimwongoza yule kijana gizani, siwezi kuisahau hiyo. Mwonyeshe mama, lakini aanze na sehemu chache za tamthilia kwanza ili awapende.

BibiWaSaaMbili

Mwanangu Mkalimani, nimesoma yote. Mungu akubariki kwa kukaa kushoto kwa mama yako.

Mimi nitakujibu la mke. Huyo Elizabeth wa Mainwaring hatumwoni, lakini tunamjua. Tunamjua kwa simu. Simu ikilia, kapteni anasimama wima kuliko anavyosimama mbele ya jenerali, sauti inashuka, anasema ndiyo mpenzi, hapana mpenzi, kisha anaangalia kipokezi kwa sababu kimekatwa upande wa pili. Tunamjua kwa kile kipindi cha 1972, wamelala ndani ya handaki la kujikingia mabomu, kitanda cha dabo deka, kapteni chini na mke juu. Cha juu kimebonyea mpaka karibu kumgusa pua. Ndiyo mara pekee tumeona umbo lake, na tumeona godoro tu. Yule mtu anayewaamrisha wanaume mji mzima, amelala anatazama godoro.

Mimi nimeolewa miaka arobaini na mbili. Nilipoona godoro lile nililijua.

Ukimvalisha mwanamke sare ukamsimamisha mchana kweupe, hata akiwa mwigizaji hodari namna gani, umempa kapteni mke wa kawaida. Na mama yako ameshamtengeneza wa kwake kichwani, kila mtu anaye wake. Usimwonyeshe.

MkalimaniWaSebuleni

Shikamoo bibi. Asante sana kwa maneno yako, nimemsomea mama na akasema nikusalimu.

Naleta majibu ya Jumamosi. Tulikuwa saba. FundiMkasi, ulisema kweli kwa kiasi kikubwa. Watu saba wakicheka, zile nafasi zilizoonekana tupu zikajaa, na mahali pawili nilishindwa kusikia sentensi iliyofuata, yaani mhariri alikuwa amekadiria pungufu! Nilitumia pia njia ambayo nilikuwa siitaki: nilisimamisha picha. Kabla ya kila mahali palipojaa maneno nilibonyeza rimoti, nikatafsiri kitakachosemwa, kisha nikaachia. Niliogopa nitaua kichekesho kwa kukitangulia. Hakikufa. Kwa Jones na Frazer hata kilikua, kwa sababu mama alikuwa na nafasi ya kuangalia nyuso.

Alicheka sana kuliko mara ya kwanza. Alipofika kwa maofisa wa Kijerumani akanyamaza tena, na wale jamaa wengine watano nao wakanyamaza, sikuwa nimewaambia kitu. Kwa hiyo lile si la tafsiri.

Kipanga, lile eneo la mavazi ya kwaya limekushinda peke yako? Mama alinishika mkono. Sikutafsiri chochote pale, niliona si mahali pangu. Baadaye akasema kapteni alikuwa anaogopa, umeona shingo yake? Sikuwa nimeiona shingo. Nikarudisha nyuma, na kweli.

FundiMkasi

Njia ya kusimamisha kabla, sikuifikiria. Sisi tunafundishwa neno na uso vifike pamoja. Wewe umepeleka neno mbele, uso ukafuata peke yake. Nitaijaribu kwenye kazi.

Kipanga_77

Nimeenda kuangalia shingo. Asante mama.

Na ya 2016?

MkalimaniWaSebuleni

Nilikaa na jibu la Bibi siku tatu. Halafu nikaona si haki yangu kumfichia mama kitu anachokiulizia tangu mwezi wa kwanza, mimi kazi yangu ni kufikisha. Nikamwambia: ipo filamu, mke yumo, wenye kujua wanasema usimwone. Akafikiri. Akasema: "Weka."

Tukaweka. Mwaka ni 1944, anakuja mwandishi wa magazeti mrembo, Catherine Zeta-Jones, wazee wote wanalainika, kumbe ni jasusi. Mama hakuipenda sana sehemu hiyo, alimjua jasusi mapema mno, lakini alimpenda Toby Jones. Alisema huyu si Mainwaring ila anamheshimu Mainwaring, na mimi sijasoma popote mtu aliyesema vizuri zaidi. Alifurahi nilipomwonyesha yule brigedia kwamba ndiye Ian Lavender, Pike wa kwanza, sasa mzee. Alinifanya nisimamishe picha amtazame. "Jamani, mtoto huyu," akasema, na sauti yake ikatetemeka kidogo.

Kisha akatokea Bi Mainwaring. Amevaa sare, anawaongoza wanawake wenzake, anatoa amri na zinafuatwa.

Mama akasogea mbele kwenye kiti. Akamtazama kwa muda mrefu, ameminya macho, kama mtu anayetambua mtu kituoni. Kisha akaegemea.

"Siye."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema huyu mama ni mzuri, na anafaa kuliko waume wote humo, angempenda kabisa kama wangempa jina lingine. Lakini Elizabeth hawezi kutembea barabarani namna ile mchana. Elizabeth yuko ndani, amejifunika, anasikiliza ndege, na mumewe anampigia simu kumwambia atachelewa.

Tuliimaliza mpaka mwisho, akacheka mahali kadhaa. Nilipoinuka kuzima taa akaniambia niketi, niweke kile kipindi cha dabo deka, kipande cha handaki tu. Tulikitazama mara mbili. Hakuna cha kutafsiri pale.

SladeMlangoWaNyuma, kesho tunaanza Porridge. Nishauri: Fletcher anapowajibu wale askari magereza kwa adabu ambayo ndani yake haina adabu hata kidogo, utaitafsiri vipi? Nimejaribu "Naam, bwana afande" na mama amesema bado.